Diski na pedi za breki kwa mfuko wa mshahara: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dar es Salaam

Gari dogo la kila siku lilibadilishiwa breki za mbele mara mbili ndani ya miezi minne. Mara ya kwanza kazi yote iligharimu shilingi 60,000. Mara ya pili iligharimu 313,000. Ukitazama risiti peke yake, utasema mwenye gari alipigwa mara ya pili. Vipimo tulivyochukua kabla na baada vinasema kinyume kabisa, na kwa sababu ya vipimo hivyo nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa chote, hatua kwa hatua.

Mimi ndiye fundi niliyepima na kufunga mara ya pili. Jina la mwenye gari, namba za gari, maduka na gereji zote nimeviondoa. Bei ni zile zilizotajwa dukani siku hizo. Leo unaweza kukuta nyingine.

Usuli

Mwenye gari ni mtumishi wa umma anayeishi upande wa Kibaha na kufanya kazi katikati ya jiji. Kwenda na kurudi kwa Barabara ya Morogoro ni takriban kilometa 70 kwa siku, na sehemu kubwa ya muda huo yumo kwenye foleni kuanzia Mbezi. Kwa mwezi gari linatembea kama kilometa 1,500. Ni sedani ya Kijapani ya 1500cc, otomatiki. Mbele ina diski zenye njia za upepo katikati, zinazobanwa na pedi dereva akikanyaga breki; nyuma ina dramu.

Mara chache kwa mwaka huenda Lushoto kuwaona wazazi. Safari hizo si kitu mbele ya kilometa za kazini, lakini ndizo zilizoonyesha breki zake zilikuwa na hali gani. Gari la kilo 1,200 likisimamishwa kutoka kasi ya 80 hugeuza karibu kilojuli 300 za mwendo kuwa joto. Lushoto iko juu ya Mombo, mji ulio chini ya mlima, kwa karibu mita 1,000, na barabara inazimaliza zote ndani ya kilometa 33 hivi. Uzito uleule ukishuka urefu huo, joto linalotakiwa kumezwa ni sawa na kulisimamisha gari kutoka kasi ya 80 mara 40 mfululizo. Ukiweka gia ndogo, injini inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Ukiacha gia kwenye D, karibu mzigo wote unaangukia breki, na za mbele ndizo zinazobeba zaidi.

Bajeti aliyokuja nayo kwetu ilikuwa 250,000. Ada za shule zilikuwa zimeshachukua nyingine.

Mambo yalivyokwenda

Januari alianza kusikia usukani unatetemeka akikanyaga breki kwenye mwendo wa 80. Usukani ukitetemeka wakati wa breki, tatizo kwa kawaida liko mbele. Mtetemo ukija zaidi kwenye kiti, anza kutazama nyuma. Alikwenda kwa fundi wa karibu na nyumbani, akaambiwa diski "zimepinda", zipelekwe kuchongwa kwenye mashine ya leze, ile inayozungusha chuma na kukikereza, na pedi zibadilishwe. Pedi 25,000, kuchonga diski mbili 20,000, ufundi 15,000. Kazi iliisha ndani ya saa chache. Hakuna aliyepima unene wa diski, si kabla ya kuchonga wala baada. Vumbi la breki lilipulizwa kwa kompresa, nitalirudia hilo.

Mtetemo uliisha. Baada ya mwezi mmoja na ushee ukarudi, mwanzoni kidogo, kisha zaidi ya ule wa Januari.

Wakati wa Pasaka alikwenda Lushoto. Siku ya kurudi, akishuka kupitia Soni na gia ikiwa D, alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona chache mbele, pedali ya breki ikaanza kuzama. Alipokanyaga mara mbili tatu kwa haraka ikashika kidogo, akaweza kusogea pembeni na kusimama. Alikaa pale kama nusu saa. Alipowasha gari tena pedali ilikuwa imara kama kawaida, naye akashuka iliyobaki taratibu kwa gia ya 2, kama dereva mmoja wa Noah alivyomwelekeza.

Maelezo hayo ya pedali yalinisaidia kuliko kitu kingine chochote alichosema. Breki zikizidiwa na joto kuna namna mbili. Pedi zikipoteza mshiko, pedali inabaki ngumu ila gari halipungui mwendo. Mafuta ya breki yakichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba na pedali inazama, kisha inarudi yakipoa. Kwake pedali ilizama na ikarudi. Kwa hiyo kabla sijafungua tairi nilijua mafuta ya breki yamo kwenye kesi hii, pamoja na pedi zilizotoa harufu.

Tulichokuta

Gari liliinuliwa likawekwa kwenye stendi, tairi za mbele zikafunguliwa. Diski za gari hili zimeandikwa kwenye kofia yake, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, maneno MIN TH 20 mm, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Zikiwa mpya ni milimita 22. Tulipima kwa mikromita kwenye pointi nane kuzunguka kila diski. Ya kulia ilikuwa 20.4. Ya kushoto ilikuwa 19.7 mahali pake pembamba, na tofauti kati ya pembamba na pene ilikuwa 0.04. Tofauti ya namna hiyo haionekani kwa macho, lakini mguu na usukani vinaisikia.

Kisha tukaweka saa ya kupimia, kipimo chenye mshale kinachoonyesha kuyumba, kwenye diski ya kushoto na kuizungusha diski kwa mkono. Ilikuwa inayumba kwa 0.11 mm. Kikomo cha kawaida kwa magari ya aina hii ni 0.05. Tulipoichomoa, uso wa habu, yaani kitako ambacho diski hukalia, ulikuwa na kutu iliyoganda, na alama yake ilikuwa imejichora upande wa nyuma wa diski.

Pedi zilikuwa hivi. Kulia, ya ndani na ya nje zote zilikuwa zimebaki milimita 6. Kushoto, ya nje milimita 7, ya ndani milimita 2. Kalipa ni kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, nacho huteleza juu ya pini. Pini moja ya kalipa ya kushoto ilikuwa imekwama kabisa, mpira wake umechanika, grisi imegeuka tope. Pedi zote nne zilikuwa zimemegeka kwenye kingo na hazikuwa na maandishi yoyote ubavuni. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mwenye gari hakumbuki yalibadilishwa lini. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3, moja ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 140 tu.

Machaguo yaliyokuwepo

Kuchonga tena hakukuwa chaguo. Diski ya kushoto ilikuwa tayari chini ya kikomo, na diski hubadilishwa kwa jozi ili magurudumu mawili ya mbele yashike sawa. Diski nyembamba ina chuma kichache cha kupokea joto, kwa hiyo inapata moto haraka zaidi na kuupitisha kwenye pedi na kwenye mafuta. Kwa mtu anayekaa Kibaha na wazazi wako Lushoto, hilo halina mjadala.

Zilibaki njia tano. Diski za mtumba kutoka Japani, 70,000 kwa jozi. Diski mpya zisizo na jina wala alama, 110,000. Diski mpya za kawaida za mtengenezaji anayejulikana, zenye alama ya idhini, 170,000. Diski zilizotobolewa matundu na kuchorwa mifereji, zikiuzwa pamoja na pedi zake, 290,000. Na mwisho, diski halisi za kampuni ya gari, 380,000, pedi zake 160,000.

Za matundu zilimvutia sana mpwa wake aliyekuja naye. Zinapendeza, sikatai. Lakini matundu yanapunguza chuma cha kupokea joto, na kwenye diski ya bei ya chini tundu ndipo ufa unapoanzia. Gari la kwenda kazini halipati faida yoyote hapo. Za kampuni ya gari ni nzuri bila shaka, ila kwa gari lenye umri huu zingemaliza bajeti mara mbili, na sehemu ambazo ndizo zilizosababisha tatizo, yaani pini, kutu ya habu na mafuta, zingebaki vilevile.

Diski za mtumba nilizifikiria kwa uzito. Diski ya mtumba yenye milimita 21.5 na uso safi ni kitu cha maana. Shida ni kwamba siku ile jozi mbili zilizopatikana zilipimwa na zote zilikuwa chini ya 21. Ukiondoa makovu ya kutu kwa kuzichonga unakaribia kikomo kabla hujatembea hata kilometa moja.

Kwa upande wa pedi sikumpa uhuru mkubwa. Nilimwambia: mama, kwenye diski tunaweza kushuka daraja, kwenye pedi hatushuki. Diski ya kawaida ni chuma cha kutupwa kilichochongwa sawasawa, na viwanda vingi vinaweza kuitengeneza vizuri. Pedi ni mchanganyiko wa vitu vingi vilivyobanwa na kuokwa, na ubovu wake huwezi kuuona mpaka ipate joto. Tukakubaliana atafute pedi za mchanganyiko usio na chuma kingi, kama zile magari mengi ya Kijapani yanazotoka nazo kiwandani, za mtengenezaji anayeuza pia kwa viwanda vya magari, mfano Akebono au ADVICS. Zenye chuma kingi zinahimili joto zaidi lakini zina kelele, vumbi jeusi, na zinaila diski. Kwa foleni ya Kimara sikuona sababu.

Dukani

Gari lilibaki kwenye stendi. Mwenye gari na mpwa wake walikwenda Kariakoo wakiwa na diski kuukuu ndani ya kiroba, venia (kipimo cha unene) niliyowaazima, na karatasi yenye vipimo: kipenyo, unene wa upya, idadi ya matundu ya nati, tundu la katikati na urefu wa kofia. Urefu wa kofia watu wengi wanausahau. Diski inaweza kulingana kwa kila kitu kingine, lakini kofia ikizidi milimita tatu, diski haikai katikati ya kalipa.

Winga, yaani dalali wa mtaani, aliwapokea kabla hawajashuka vizuri kwenye bajaji. Duka la kwanza alilowapeleka lilitaja pedi kwa 95,000. Boksi lilikuwa la jina kubwa. Mwenye gari alinisimulia mazungumzo yao hivi:

"Dada yangu, hiyo OG kabisa, Japani hiyo. Ukiwa na malalamiko unarudi nakupa hela yako."

"Naomba nizitoe kwenye boksi, kaka."

Akazitoa. Namba iliyochapwa kwenye boksi na ile iliyogongwa kwenye bati la pedi zilikuwa tofauti. Ubavuni hakukuwa na herufi.

"Zile herufi mbona hamna?"

"Hizo huwa zinafutikaga tu kwenye usafiri, dada. Wala zisikusumbue."

Herufi hizo hazifutiki namna hiyo. Kwenye pedi nyingi zinazotengenezwa kwa kufuata utaratibu, utakuta ubavuni jina au kifupi cha mtengenezaji, namba ya mchanganyiko, na herufi mbili za mshiko, kwa mfano FF. Ya kwanza ni mshiko pedi zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa zimepata moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi hazikuambii pedi itadumu kiasi gani, wala hazithibitishi kwamba si feki, kwa sababu anayeghushi boksi anaweza kughushi herufi. Ila pedi isiyo na chochote ubavuni imetoka kwa mtu ambaye hataki kufuatwa. Kuna pia alama ya Ulaya, herufi E ndani ya duara ikifuatiwa na namba ya nchi na maandishi yanayoanza 90R. Hiyo kwa pedi inamaanisha zimejaribiwa na mshiko wake haupishani na wa pedi za asili kwa zaidi ya asilimia 15.

Waliondoka kwa winga, wakaenda wenyewe kwenye duka linalouza breki tu. Pale pedi zenye FF na namba zinazolingana ziliuzwa 75,000, na diski zenye alama ya E, 170,000. Mpwa akazipima zote mbili palepale: 22.0 na 22.0. Muuzaji hakukasirika, alisema angependa wateja wote waje na venia. Walipewa risiti yenye namba za vifaa, na hilo ni la maana kuliko maneno ya "utarudi nikupe hela".

Kufunga

Hapa ndipo muda wetu mwingi ulipokwenda, na naamini ndipo kazi yote iliposhinda.

Vumbi la zamani tulililowesha kwa maji na kulifuta kwa tambara. Hatupulizi kwa kompresa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku karibu matumizi yote ya asbesto, madini ya nyuzi yanayoharibu mapafu, kufikia mwaka 2005 na Japani mwaka 2006, lakini pedi isiyo na jina huwezi kujua imetengenezewa wapi na ndani ina nini. Fundi anayepuliza vumbi hilo analivuta yeye, mwanafunzi wake na mteja aliyekaa pembeni akinywa soda.

Uso wa habu ulisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa, hasa kuzunguka kila stadi ya nati. Diski mpya zina mafuta ya kuzuia kutu. Tuliziosha kwa dawa ya kusafishia breki mpaka tambara jeupe likatoka jeupe. Diski ya kushoto ilipokaa na kubanwa kwa nati, saa ya kupimia ilionyesha 0.08. Diski ni mpya, habu ni safi, na bado 0.08. Tukaichomoa, tukaizungusha tundu moja mbele, tukaibana tena: 0.04. Hivyo habu ina kasoro yake ndogo na diski ina yake. Ukizipanga zikapingana, zinapunguzana. Zoezi hilo lilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai, wala halidai kifaa cha kununua.

Pini zote nne za kalipa zilibadilishwa pamoja na mipira yake, 12,000, zikapakwa grisi maalumu ya breki, si ile ya bearingi inayovimbisha mpira. Pistoni zilirudi ndani kwa mkono bila kukwama, kwa hiyo kalipa zilikuwa nzima. Mafuta yote ya breki yalitolewa, tukaweka DOT 4 mpya, 16,000, na kutoa hewa kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne. DOT 4 inaruhusiwa kwenye mfumo wa DOT 3 na inahimili joto zaidi. DOT 5 ni silikoni, haiingii hapo. Dramu za nyuma zilifunguliwa, zikasafishwa na kurekebishwa. Nati za tairi zilibanwa kwa spana ya kupimia nguvu hadi 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mtindo wa msalaba. Ufundi 40,000.

Mwisho ni kuzizoesha pedi na diski. Asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa tupu, kutoka kasi ya 60 unapunguza hadi 10 kwa kukanyaga wastani, bila kusimama kabisa, unaongeza mwendo, unarudia mara kadhaa, kisha unaendesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Usisimame na kushikilia pedali zikiwa za moto, maana pedi itaacha chapa yake kwenye diski na mtetemo utazaliwa siku hiyohiyo.

Matokeo

Jumla ilikuwa 313,000, yaani 63,000 juu ya bajeti. Ufundi na mafuta alivilipa mwisho wa mwezi. Mtetemo uliisha siku ileile.

Wakati wa masika alilalamika kwamba breki zinakwaruza asubuhi. Ni kutu nyepesi ya usiku kwenye uso wa diski, inafutika kwa mikanyago michache ya kwanza. Kwenye hewa ya unyevu haikwepeki. Mwezi wa nane alipata pancha, na fundi tairi akazikaza nati kwa kuipanda spana kwa mguu. Siku chache baadaye akahisi mtetemo mdogo. Alikuja haraka, diski ya kushoto ilikuwa inayumba 0.08. Tulilegeza nati zote na kuzibana upya kwa 103 Nm, ikarudi 0.04. Angeendelea miezi kadhaa hivyo, diski mpya ingeanza kulika upande mmoja.

Oktoba, baada ya kilometa 9,000 na safari moja ya Lushoto aliyoshuka kwa gia ya 2 bila harufu wala pedali kuzama, tulipima pedi. Zilianza na milimita 10. Zote nne zilikuwa kati ya 8.4 na 8.6.

Uchambuzi

Mtetemo wa Januari haukutokana na diski "kupinda". Diski iliyokalia kutu inayumba. Kila mzunguko sehemu moja inagusa pedi hata dereva asipokanyaga, inalika taratibu, na unene unapishana. Kuichonga kwenye leze kunaondoa mpishano huo, lakini kutu ya habu inabaki palepale inaisubiri. Ndiyo maana mtetemo uliisha na ukarudi. Kuchonga kulitibu dalili na kulila chuma ambacho diski ya kushoto haikuwa nacho cha kutoa.

Kwenye pedi, gurudumu la kulia ndilo linalotutenganishia mambo, kwa sababu pini zake zilikuwa huru. Pedi za 25,000 zilipoteza milimita 4 kwa takriban kilometa 4,500. Pedi za 75,000 zilipoteza kama milimita 1.5 kwa kilometa 9,000. Tuseme unabadilisha zikibaki milimita 3, una milimita 7 za kutumia. Za kwanza zingefika karibu kilometa 7,900, za pili karibu 42,000. Kwa kila kilometa 10,000, pedi za "bei nafuu" zinagharimu kama 32,000, na zile nyingine kama 18,000, kabla hujamlipa fundi wa kuzibadilisha mara tano. Sehemu ya tofauti hiyo ni uso wa diski uliochongwa kwa kukwaruza na mteremko wa Soni, kwa hiyo sitadai yote ni ubora wa pedi. Hata ukiikata tofauti hiyo nusu, hesabu haigeuki.

Upande wa kushoto unaeleza jambo jingine: pini iliyokwama ilifanya pedi ya ndani ifanye kazi peke yake mpaka ikabaki milimita 2. Pedi bora kuliko zote duniani ingeisha vilevile pale. Kwa pini za 12,000, hakuna pesa kwenye kazi hii iliyolipa zaidi.

Kilichofanya kazi vizuri ni kupima kabla ya kununua, na kumtuma mnunuzi na vipimo mkononi. Kilichopungua upande wetu wa kazi ni mawasiliano: tulimkabidhi gari bila kumwandikia ile 103 Nm ya kumwonyesha fundi tairi. Sasa kila gari linalotoka na diski mpya linaondoka na kadi yenye namba hiyo na MIN TH. Bajeti nayo ilikosewa tangu mwanzo kwa sababu ilihesabiwa kwa bei ya diski na pedi tu. Pini, mafuta na ufundi vilikuwa 68,000, zaidi ya moja ya tano ya gharama yote.

Na kama angekuja na 160,000 tu? Ningemwambia asubiri jozi ya mtumba isiyopungua milimita 21.5, ipimwe mbele yake, 70,000. Pedi zilezile za 75,000. Pini ya kushoto aliyokuwa nayo tungeitoa, kuisugua na kuivalisha mpira mpya. Mafuta ya breki tungebadilisha yote. Gharama ingezidi kidogo na ufundi ungebaki deni, lakini kwa safari za Kibaha na Mombo breki hizo ningezikabidhi bila wasiwasi. Pedi za 25,000 juu ya diski mpya za 110,000 ningezikataa kuzifunga, hata akizinunua mwenyewe.